Ujenzi wa Ndani wa Trela ya Kambi

Trela ya kambi ya kujitengenezea ni sanduku la mbao lililofungwa juu ya fremu ya chuma yenye ekseli moja, linalokokotwa na gari la kawaida na kutosha watu wawili kulala, kuhifadhi chakula na kupika mbali na mji. Umbo lake linalojulikana zaidi, la tone la maji, lenye mgongo uliopinda na jiko nyuma, lilianza Marekani katika miaka ya 1930 na kusambazwa na majarida ya mafundi wa nyumbani; mwaka 1947 jarida la Mechanix Illustrated lilichapisha ramani yake, nayo bado inaigwa. Kilicholidumisha umbo hilo si urembo. Ni kwamba vipimo vyake vyote vinafuata shiti ya plaiwudi ya futi 4 kwa 8, na shiti hiyo hiyo ndiyo inayouzwa Gerezani, Dar es Salaam, na Gikomba, Nairobi. Anayeijenga Arusha au Nakuru hana haja ya kuagiza chochote kutoka ng'ambo isipokuwa vifaa vichache vya umeme, na hata hivyo siku hizi vimejaa madukani.

Fremu, ekseli, springi, taa za nyuma na usajili ni kazi ya fundi wa kuchomelea na ya ofisi zinazohusika, na hapa inachukuliwa kwamba zimekamilika. Kinachobaki, yaani ndani, ndiko trela nyingi huharibikia, na mara nyingi aliyeharibu ni seremala hodari. Kabati la nyumbani husimama mahali pamoja miaka ishirini. La trela hupigwa na barabara saa nzima mfululizo. Njia ya vumbi iliyojikunja migongo kama bati, mfano ile ya Serengeti kutoka Lango la Naabi kwenda Seronera, hulegeza kwa siku moja viungo ambavyo sebuleni vingemzika mwenye nyumba. Kwa hiyo kila kifaa kinachoingia ndani ya trela huulizwa kwanza uzito wake, kisha namna kitakavyostahimili mtikisiko, kisha kitakauka vipi kikilowana. Sura yake huja baadaye.

Vipimo huanzia kwenye godoro

Magodoro ya Afrika Mashariki huuzwa kwa futi, na ukubwa wake ndio unaoamua upana wa trela. Godoro la 4 kwa 6 lina sentimita 122 kwa 183, nalo hubana watu wazima wawili kiasi cha kuwafanya wageuke kwa mapatano. La 5 kwa 6 lina upana wa sentimita 152, na linafaa zaidi. Trela ya upana wa futi 5 na urefu wa futi 8 huhitaji sakafu ya shiti moja nzima na kipande cha futi moja kilichoungwa ubavuni. Hasara ya kiungo hicho ni ndogo ukilinganisha na usingizi unaopatikana. Kuta za ubavuni hukatwa kila moja kutoka shiti moja, urefu wa futi 8 na kimo cha futi 4.

Kimo hicho kinatosha. Sentimita 122 zikiondolewa unene wa dari na godoro la inchi 4, hubaki karibu sentimita 105, na mtu mzima aliyekaa huhitaji takriban sentimita 85 hadi 95 kutoka makalio hadi utosi. Watu warefu hukaribia dari, lakini hakuna anayekaa ndani mchana. Kuongeza kimo ili watu wasimame ndani ni kishawishi kinachostahili kukataliwa: trela hulizidi gari kimo, hukamata upepo, mafuta huenda haraka, na kwenye kona kitovu cha uzito kinakuwa juu mno.

Katika urefu wa sentimita 244, godoro linachukua 183. Zinazobaki, baada ya kuta, ni kama 55, nazo ndizo kina cha jiko la nyuma. Ukuta unaotenganisha kitanda na jiko haulazimiki kunyooka hadi juu. Sehemu yake ya juu inaweza kusogezwa sentimita 25 au 30 juu ya miguu ya walalao, na hapo hupatikana makabati ya nguo yanayofunguka upande wa kitandani bila kuibia godoro nafasi.

Kabla ya kukata chochote, umbo lote huchorwa kwa chaki sakafuni, makabati huwakilishwa na maboksi ya karatasi, na wanaokusudia kulala humo hulala, huketi, huvaa suruali na kutoka usiku bila kukanyagana. Zoezi hilo linachekesha watazamaji, lakini hugundua mambo ambayo mchoro hauyasemi: kwamba mlango mmoja ubavuni unamlazimisha mmoja kumruka mwenzake kila akitaka kutoka. Milango miwili, mmoja kila upande, ndiyo sahihi. Hata pasipo haja ya usiku, moto ukizuka jikoni mtu hapaswi kusubiri zamu.

Hesabu ya kilo

Trela tupu ya ukubwa huu, fremu na sanduku, kwa kawaida huwa kati ya kilo 300 na 400. Mizigo ndiyo inayoshangaza. Maji ya lita 60 ni kilo 60. Betri ya asidi ya ampea-saa 100 inakaribia kilo 30. Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukijaa huwa na uzito wa karibu mara mbili ya gesi yake, kwa sababu ya chuma. Friji, godoro, vyombo, unga, mchele, viti, turubai: kilo 550 hufikiwa kabla mtu hajatia nguo. Nchi za Ulaya huruhusu trela isiyo na breki zake hadi kilo 750 tu, na kwa barabara zenye miteremko kama ya Kitonga au ya Bonde la Ufa ni busara kukaa chini sana ya hapo, na vilevile chini ya kiwango kilichoandikwa katika kitabu cha gari lenyewe.

Hapo ndipo uchaguzi wa mbao unapokuwa na maana. MDF ya milimita 18, ambayo mafundi wa makabati ya jikoni huipenda kwa sababu hukatika vizuri na kupakwa rangi laini, ina zaidi ya kilo 13 kwa mita ya mraba. Plaiwudi ya milimita 9 ina kama kilo 5 na nusu. Makabati ya trela yakihitaji mita tano za mraba, tofauti ni karibu kilo 40, sawa na madumu mawili ya maji. Tena MDF ikinywa maji huvimba na hairudi, na skrubu iliyokazwa ukingoni mwake hung'oka kwa mtikisiko. Kwa trela haifai kabisa, hata kama fundi anaapa kwamba ataipaka vizuri. Chipbodi ni mbaya zaidi.

Mahali uzito unapokaa ni muhimu kama wingi wake. Trela hutulia barabarani pale ncha ya mbele inapoegemea gari kwa karibu asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote. Pungufu ya hapo mkia huanza kuyumba kwenye mwendo, na kuyumba huko ndiko hupindua. Trela ya kilo 550 iliegemee gari kwa kilo 55 au zaidi kidogo, mradi isivuke kiwango ambacho kiungo cha gari kinaruhusu. Tuseme ekseli iko mita 3 nyuma ya kiungo, na maji ya kilo 60 yamewekwa jikoni, mita 1 nyuma ya ekseli. Yanainua ncha ya mbele kwa kilo 20, na zile 55 hubaki 35. Yakiwekwa juu ya ekseli hayainui wala hayashushi, hata yakiisha. Ndiyo maana maji hukaa katikati, betri hukaa mbele, na jiko la nyuma hubeba vyombo vyepesi, si magunia. Ncha ya mbele hupimwa kwa mizani ya kawaida ya bafuni iliyowekwa juu ya tofali, trela ikiwa sawasawa na imejazwa kama inavyosafiri.

Sakafu, kuta na unyevu

Sakafu ya plaiwudi ya milimita 12 inatosha endapo vyuma vya fremu viko umbali usiozidi sentimita 40. Milimita 18 huongeza kilo zaidi ya kumi bila faida. Upande wa chini, ambao hupigwa na matope na mawe, hupakwa lami ya maji au rangi ya mafuta mara mbili, pamoja na kingo zote, maana plaiwudi hunywa maji kwa kingo kuliko kwa uso. Juu yake mkeka wa plastiki unatosha. Zulia la manyoya hukusanya vumbi lisilotoka.

Fremu ya kuta hutengenezwa kwa mbao za paini, ambazo hulimwa kwa wingi katika mashamba ya Sao Hill, Mufindi, na ni nyepesi. Ubaya wa paini ya sokoni ni kwamba mara nyingi huuzwa mbichi. Ikijengewa mbichi, hupinda ikiwa tayari imefungwa ndani ya ukuta. Basi hupangwa kivulini kwa vipande vya kuitenganisha, wiki kadhaa, na kupakwa dawa ya wadudu kabla ya kufunikwa.

Katikati ya plaiwudi ya nje na ya ndani huwekwa stairofomu ya milimita 25. Wengi hudhani inahitajika kwa baridi tu. Katika kambi ya Simba, ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro, mita zipatazo 2,300 juu ya usawa wa bahari, baridi ya usiku ni ya kweli. Lakini Tsavo jua la saa tisa alasiri hugeuza sanduku lisilo na kinga kuwa tanuri, na joto lililoingia darini hushuka usiku juu ya walalao. Paa jeupe hupunguza sana joto hilo, na halina gharama ya ziada. Stairofomu hubandikwa kwa gundi isiyoiyeyusha, na hilo hujaribiwa kwanza kwenye kipande kidogo, kwa kuwa gundi za petroli huila mara moja.

Adui mkubwa kuliko joto ni pumzi. Watu wawili wakilala usiku mmoja hutoa pamoja kiasi cha nusu lita ya maji kwa kupumua na kutoka jasho. Katika chumba cha nyumba hayaonekani. Katika sanduku la mita za ujazo nne hujikusanya kwenye kioo, kwenye vichwa vya skrubu na popote chuma kinapogusa nje na ndani, kisha hutiririka nyuma ya godoro. Baada ya safari chache hutokea madoa meusi ya ukungu na harufu isiyoondolewa na marashi. Tiba yake ni njia mbili za hewa zisizofungika usiku kucha, moja chini karibu na sakafu na nyingine juu upande wa pili, kila moja isipungue sentimita 10 kwa 15, zikiwa na wavu wa mbu wenye matundu madogo. Dirisha la kufunguka huongeza raha, ila halihesabiwi, kwa sababu mvua ikinyesha au baridi ikizidi walalao hulifunga.

Godoro nalo halilazwi juu ya plaiwudi isiyo na matundu. Ama hutengenezwa chaga za mbao, au plaiwudi hutobolewa matundu ya milimita 30 kila baada ya sentimita 15, ili upande wa chini upumue. Sehemu iliyo chini ya kitanda, hata ikiwa na kina kidogo tu, ni ghala zuri la vitu virefu na vyepesi: meza ya kukunja, fito za turubai, mikeka.

Makabati yanayostahimili njia

Kabati la trela hujengwa kama sehemu ya mwili wa trela. Vigawanyo vyake hubandikwa kwenye ukuta, sakafu na dari, na hivyo kila kimoja huwa mhimili unaozuia sanduku lisipindike pale gurudumu moja linapoingia shimoni. Anayetengeneza kabati zuri pembeni, akaja kuliingiza na kulikaza kwa skrubu nne, ameongeza uzito bila kuongeza nguvu.

Kila kiungo hutiwa gundi ya mbao isiyoogopa maji na skrubu pamoja. Kazi ya kubeba ni ya gundi. Skrubu huibana tu mpaka ikauke, na baadaye husaidia. Skrubu haikazwi kwenye ukingo wa plaiwudi ya milimita 9, kwani hapo hupasua matabaka. Huwekwa kijiti cha paini cha inchi moja kwa moja kwenye kona ya ndani, na plaiwudi zote mbili hukazwa humo, baada ya kutoboa tundu jembamba la kuongoza. Pwani, kuanzia Tanga hadi Lamu, skrubu za kawaida huota kutu ndani ya msimu mmoja wa chumvi, hivyo hutumiwa za stenlesi. Vitu vizito, kama sanduku la betri na fremu ya friji, havitegemei mbao hata kidogo: hupitishiwa bolti za milimita 8 hadi kwenye chuma cha fremu, zikiwa na washa pana na nati zenye nailoni ndani, ambazo hazijifungui.

Milango ya makabati huleta taabu kuliko kitu kingine chochote. Sumaku ndogo za makabati ya nyumbani huachia kwenye tuta la kwanza, na sahani hukutwa zimelala na sukari. Komeo la kubonyeza linaloingia kwenye tundu hudumu, vilevile komeo la kawaida la kusukuma la bei ndogo, ingawa halipendezi. Bawaba ndefu inayokwenda urefu wote wa mlango hugawa mzigo vizuri kuliko bawaba mbili fupi. Droo huhitaji ujanja wa zamani: kipande kidogo cha mbao chini ya sehemu ya mbele, ili droo ifunguke kwa kuinuliwa kidogo kwanza, yenyewe haiwezi kujiinua ikatoka. Reli za chuma zenye gololi ni laini dukani, lakini vumbi huzikausha na kuzikwamisha. Vijiti viwili vya mbao ngumu vilivyopakwa nta ya mshumaa hufanya kazi hiyo hiyo bila malalamiko.

Na si kila nafasi inastahili mlango. Kreti za plastiki zinazoteleza ndani ya rafu, zikizuiwa na mkanda, ni nyepesi kuliko droo, hutolewa zikiwa zimejaa na kupelekwa nyumbani kupakiwa. Mifuko ya turubai iliyoshonwa ukutani hubeba simu, tochi, miwani na dawa, vitu vinavyotafutwa gizani. Fundi cherehani wa mtaani huishona kwa nusu siku, na katika trela nzima hakuna kitu kinachotumika sana kwa gharama ndogo namna hiyo.

Kwenye kambi za mbugani kuna mtihani mwingine. Nyani hufungua mlango ambao mtoto wa miaka mitano angeufungua, na ndovu huvutwa na harufu ya matunda. Chakula hukaa katika masanduku yenye mfuniko wa raba upande wa jikoni, nyuma ya komeo la kupindua lenye pini. Matunda hayawekwi upande wa kulala hata kwa usiku mmoja.

Maji na gesi

Tangi la kujengewa chini ya sakafu huonekana la kistaarabu. Hata hivyo halifikiki kusafishwa, na likiwa nusu hucheza huku na huko kwenye kona isipokuwa limegawanywa ndani. Madumu matatu ya lita 20, yaliyofungwa kwa mikanda juu ya ekseli, hujazwa popote penye bomba, huoshwa kwa urahisi, na likivuja moja mawili yamebaki. Kwa watu wawili lita 60 hutosha siku tatu kwa kunywa, kupika na kuosha vyombo bila ubadhirifu, kuoga kukihesabiwa kwa kikombe. Pampu ndogo ya mguu huyapandisha hadi kwenye karai linaloingia kwenye tundu la meza ya jiko na kutolewa kumwagwa. Bomba la kutoa maji machafu halihitajiki.

Gesi huhitaji uangalifu kuliko yote yaliyotangulia. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi ikatoka dirishani. Hushuka, hujaa sakafuni na kungoja cheche. Kwa sababu hiyo mtungi hukaa katika sanduku lake, lisilo na upenyo wowote kuelekea kitandani, lenye matundu chini kabisa yanayotazama ardhini. Mahali pazuri ni mbele, juu ya mkono wa kuvutia, ambapo pia uzito wake unafaa. Mpira wa gesi hupitishwa nje au chini ya trela ndani ya bomba la kuukinga na mawe, hauunganishwi katikati, na hubadilishwa kwa tarehe iliyochapishwa juu yake. Kila kiungo hupakwa povu la sabuni kabla ya safari. Likitoa mapovu, hakuna kupika.

Kupika hufanyika nyuma tu, mlango wa jiko ukiwa wazi kabisa. Ndani ya sehemu ya kulala hakiwashwi kitu, na jiko la mkaa haliingizwi humo hata likiwa limefifia na kufunikwa majivu. Makaa yanayoonekana kufa huendelea kwa saa nyingi kutoa hewa ya monoksidi ya kaboni, isiyo na harufu wala rangi, na katika mita za ujazo nne huua waliolala bila kuwaamsha. Kengele ndogo ya betri inayoitambua hewa hiyo huwekwa karibu na vichwa vya walalao. Kizima moto cha unga mkavu cha kilo moja hufungwa karibu na mlango wa kitandani, mahali panapofikiwa na mtu anayekimbia moto, si pembeni mwa jiko linaloungua.

Umeme wa volti 12

Kiasi cha umeme hukokotolewa kwa karatasi kabla ya kununua betri, maana wauzaji hupenda kuuza kikubwa au kilichopo. Friji ndogo ya kompresa hutumia wati 45 inapozunguka, na katika joto la wastani huzunguka kama asilimia 40 ya muda; kwa siku hiyo ni karibu wati-saa 430. Taa mbili za LED za wati 5 kwa saa nne ni 40. Simu mbili ni 30, na feni ndogo ya usiku 50. Jumla inafika 550, yaani karibu ampea-saa 46 kwa volti 12. Friji peke yake inakula zaidi ya robo tatu, na asiyehitaji nyama wala maziwa baridi akiiacha, betri ndogo sana inamtosha.

Betri ya asidi ya ampea-saa 100 haipaswi kushushwa chini ya nusu, la sivyo huchakaa mapema. Hivyo inatoa 50, siku moja tu. Ya lithiamu aina ya fosfati ya chuma hutoa 80 au zaidi bila kudhurika, ina uzito usiofika nusu, na kwa anayesafiri mara kwa mara bei yake hujirudisha kwa kudumu. Haipendi joto kali, basi haifungwi chini ya paa wala katika sanduku la chuma linalopigwa jua. Ile ya asidi ya kujazwa maji hutoa haidrojeni inapochajiwa, na huhitaji sanduku lenye tundu la kupumulia nje.

Jua la Afrika Mashariki, kwa makadirio ya kawaida, hutoa sawa na saa tano za mwanga kamili kwa siku. Paneli ya wati 100, baada ya hasara za joto na waya, huleta wati-saa 375 hivi. Kwa matumizi yaliyotajwa inahitajika ya wati 150, na 200 ndiyo yenye akiba ya siku ya mawingu. Kuifunga juu ya paa ni rahisi lakini kuna mgongano: msafiri hutafuta kivuli cha mgunga, na paneli hutafuta jua. Paneli ya kusimamishwa chini, yenye waya wa mita kadhaa, humruhusu kila mmoja kupata alitakalo. Usiku huingizwa ndani.

Makosa makubwa hufanywa kwenye waya. Mafundi waliozoea umeme wa nyumba huleta waya wa kiini kimoja kigumu. Ndani ya trela huo hukatika kwa kutikiswa, tena mahali pasipoonekana. Hutumika waya wa nyuzi nyingi tu. Unene nao huhesabiwa upya, kwa kuwa katika volti 12 upungufu mdogo huumiza. Friji inayovuta ampea 4 kupitia waya wa milimita 1.5 za mraba, mita 5 kwenda na 5 kurudi, hupoteza karibu nusu volti, na betri ikishuka kidogo alfajiri friji hujizima ikidhani imeisha. Kwa waya wa milimita 4 za mraba upotevu unapungua hadi kama sehemu mbili za kumi. Friji nyingi zinazorudishwa dukani kwa madai kwamba ni mbovu hazina tatizo. Mbovu ni waya.

Fyuzi kuu huwekwa ndani ya sentimita 20 kutoka kwenye ncha chanya ya betri, kisha kila njia hupewa fyuzi yake, kwa friji ampea 15 ikitosha. Fyuzi hulinda waya usiwake moto, si kifaa, na kuiongezea ukubwa kwa sababu inakatika kila mara ni kukaribisha moto ukutani. Waya unapopita kwenye chuma huvishwa raba. Zote hupitishwa kabla ya kufunga plaiwudi ya ndani, na kuta hupigwa picha zikiwa wazi, futi ya kupimia ikionekana pembeni, ili miezi baadaye anayetaka kutundika kioo asitoboe waya.

Vumbi, rangi na safari ya kujaribu

Trela inapokwenda huacha nyuma yake ombwe linalovuta vumbi, na vumbi huingia kwanza kwa mlango wa jiko. Raba laini ya kuzunguka mlango, iliyobanwa na makomeo mawili badala ya moja la katikati, huzuia sehemu kubwa. Njia za hewa za chini na za nyuma hufungwa kwa vifuniko wakati wa mwendo, na moja iliyo mbele juu huachwa wazi, yenye kichujio cha sponji: hewa inayoingia kwa mbele hujaza sanduku na kusukuma nje kupitia nyufa, na vumbi halipati pa kuingilia.

Umaliziaji hauna mengi. Msasa, sending sila, kisha vanishi ya maji mara mbili, au rangi nyeupe kwa dari ili taa moja ionekane mbili. Baada ya gundi na rangi, milango huachwa wazi wiki nzima kabla ya mtu kulala ndani, kwa sababu mvuke wake katika nafasi ndogo huumiza kichwa na macho.

Safari ya kwanza haifai kuwa ya mbugani. Trela hujazwa kila kitu, maji yakiwemo, na kuvutwa kilomita thelathini au arobaini za barabara ya vumbi karibu na nyumbani, huku mtu akiwa na daftari. Inaporudi, kila nati hukazwa upya, nati za magurudumu zikianza. Viungo vya gesi hupakwa sabuni tena. Vituo vya waya huvutwa kwa kidole kimoja kimoja. Sakafu humwagiwa unga kidogo mbele ya kila mlango kabla ya kuondoka, na mahali unga ulipochanganyika na vumbi jekundu ndipo raba haikushika. Kisha trela humwagiwa maji kwa mpira dakika kumi, mtu mmoja akiwa ndani na tochi akifuata kona za dari, na alama za chaki huwekwa popote panapong'aa unyevu.